Pumzi ya Mtoto Mchanga ni Amana ya Jumuiya

Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Halmashauri za Walei na akina mama wa WAWATA, Mji Mkongwe, Unguja





1. Kwa nini Tume ya Haki na Amani izungumzie kifua cha mtoto

Huenda baadhi yenu mlishangaa mlipopata barua ya mwaliko. Tumezoea kukutana kuzungumzia uchaguzi, migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane na ujirani mwema na ndugu zetu Waislamu. Leo tumewaita tuzungumzie kifua cha mtoto mchanga: jinsi anavyopumua, jinsi anavyokohoa, na yale ambayo mwaka wake wa kwanza unaweza kutuonya juu ya miaka yake ya shule.

Mtu atauliza: je, hilo si jambo la daktari? Naam, ni la daktari. Lakini daktari humwona mtoto dakika chache, tena siku ambayo hali imekwisha kuharibika. Anayemsikia akipumua usiku ni mama yake, bibi yake, na jirani wa chumba cha pili. Tena, hewa haiuzwi dukani, na kila mtoto huzaliwa na haki ya kuivuta. Hata hivyo mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho hawavuti hewa ile ile. Mmoja hulala katika chumba chenye madirisha na jiko lililo mbali. Mwingine hulala hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa, katika chumba ambacho ukuta wake hutoa ukungu kila masika. Pale ambapo umaskini huamua nani apumue vema na nani asipumue vema, hapo haki imekwisha kuguswa.

Wala hatuanzishi jambo jipya. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki wa zama zetu walipofika hapa mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, miongoni mwa kazi zao za awali ilikuwa kuhudumia wagonjwa hospitalini. Walifahamu kwamba anayehubiri juu ya uhai hana budi kuujali mwili unaoubeba uhai huo.

2. Kisa kilichotufundisha

Kabla ya kutaja dalili zenyewe, tuwasimulie kisa kimoja. Hatutataja jina wala mtaa, kwa maana mhusika tungali tunaye.

Mama mmoja wa jumuiya zetu alijifungua kabla ya wakati, mtoto akiwa na kilo mbili tu. Tulikwenda kumpa hongera na kuibariki nyumba. Ilikuwa siku ya mvua, kwa hiyo jiko la mkaa lilikuwa limeingizwa ndani, karibu na kitanda. Chini ya kitanda palikuwa na chetezo kinachotoa moshi wa udi, na baba wa mtoto alikuwa mlangoni akivuta sigara. Tuliyaona yote matatu. Hatukusema neno. Tulidhani kwamba mgeni mwenye adabu hasemi juu ya nyumba ya mwenyeji wake. Tulisali, tukanywa chai, tukaondoka.

Mtoto alipofika mwezi wa tatu alipatwa na mafua, na kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Mwezi wa tano ikawa vivyo hivyo, na wa saba tena. Mashavu na mikunjo ya viwiko ilitoka ukurutu mkavu wenye kuwasha. Kliniki mama aliulizwa: je, katika familia yuko mwenye pumu? Alijibu kwamba hakuna. Haikuwa kweli. Baba wa mtoto alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini wakwe walimwonya asiseme, wasije binti zao wakakosa wachumba. Baadaye wazee walitoa shauri kwamba kikohozi kile ni cha kimeo, na mtoto akapelekwa kukatwa kimeo. Alitoka damu nyingi, na kikohozi kilibaki pale pale.

Alipofikia umri wa miaka mitatu alibebwa usiku wa manane, midomo imebadilika rangi, akihemea juu juu. Mungu ni mwema, aliokolewa. Siku hiyo ndipo baba alipoisema kweli mbele ya mganga, na ndipo matibabu yanayofaa yalipoanza. Leo anakimbia na wenzake. Lakini miaka mitatu ilipotea, na katika miaka hiyo hapakukosekana dalili hata moja. Zilikuwapo zote. Waliokosekana ni watu wa kuzisoma na kuzisema, nasi tulikuwa miongoni mwao.

3. Dalili za kuangaliwa mapema

Sasa tuziweke dalili hizo mezani. Waganga wanaoshughulikia mapafu ya watoto hukubaliana kwamba mambo yafuatayo, yakionekana katika miezi ya kwanza, huongeza uwezekano wa mtoto kusumbuliwa na pumzi baadaye.

Kwanza, jinsi alivyozaliwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, huanza maisha na mapafu ambayo hayajakamilika. Mapafu hukua kwa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Lakini anayeanza nyuma huhitaji kulindwa zaidi njiani.

Pili, mluzi wa kifua. Mwenye kusikiliza kwa makini atatofautisha mlio wa pua iliyoziba na mluzi mwembamba utokao ndani ya kifua mtoto atoapo pumzi. Huo wa pili hutokea vijia vidogo vya hewa vinapokuwa vimebana. Lililo muhimu ni kuhesabu: je, umetokea mara moja, au kila mafua yakija? Je, hutokea pia siku ambazo mtoto hana mafua, labda anapocheka, anapolia, au usiku wa manane?

Tatu, ugonjwa mkali wa mapafu katika mwaka wa kwanza. Hapa kuna nimonia, na kuna pia ugonjwa wa vijia vidogo vya hewa unaoletwa mara nyingi na kirusi kiitwacho RSV. Jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI kimefanya kazi tangu mwaka 1989, wamewafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kukijua kirusi hiki. Walionyesha kwamba ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto wachanga wa pwani hii kulazwa kwa nimonia kali. Mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa huo katika miezi yake ya mwanzo huonekana mara nyingi zaidi akipiga mluzi miaka ifuatayo.

Nne, ukurutu. Ngozi kavu, yenye kuwasha na vipele mashavuni, na baadaye kwenye viwiko na nyuma ya magoti, si uchafu wala si jicho baya. Mara nyingi ni alama kwamba mwili wa mtoto ni mwepesi kushtuka kwa vitu ambavyo wengine huvistahimili. Kwa baadhi ya watoto mshtuko huo huanzia kwenye ngozi, kisha hupanda puani kwa chafya na kamasi zisizokwisha, na mwishowe hushuka kifuani.

Tano, pumu ya baba au ya mama. Hiyo si laana wala si aibu. Ni urithi kama vile urefu au umbo la pua, na mganga asipoambiwa hawezi kuukisia.

Sita, moshi. Sigara ya mama mjamzito, au ya wale wanaoishi naye, humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Moshi wa kuni, wa makumbi na vifuu, wa mkaa, wa koroboi na wa dawa ya mbu ya kuchoma humfikia mara tu anapozaliwa.

4. Dalili si hukumu

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana hatupendi mama hata mmoja atoke ukumbini humu na hofu.

Mwaka 1980, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona huko Marekani, waganga walianza kuandikisha watoto wachanga zaidi ya elfu moja na kuwafuatilia mwaka hata mwaka. Mwaka 1995 walitoa taarifa juu ya 826 kati yao waliokuwa wamefikia umri wa miaka sita. Theluthi moja hivi walikuwa wamepiga mluzi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Lakini katika kila watano wa hao, watatu walikuwa wamekwisha kuacha walipofika miaka sita. Wengi wa hao walioacha walikuwa wamezaliwa na vijia vyembamba tu. Walipokua, na vijia vyao vikapanuka. Waliobaki na shida walikuwa zaidi wale ambao mama zao walikuwa na pumu, na ambao miili yao ilikuwa myepesi kushtuka.

Mwaka 2000 watafiti hao hao walitunga kanuni nyepesi. Mtoto mwenye kupiga mluzi mara kwa mara katika miaka mitatu ya kwanza, tena mwenye mzazi aliye na pumu au yeye mwenyewe ana ukurutu, huhesabiwa kuwa katika hatari. Vilevile huhesabiwa hivyo akiwa na mawili kati ya haya matatu: mluzi usiotokana na mafua, kamasi na chafya za mzio, au wingi wa aina fulani ya chembe katika damu. Watoto wa kundi hilo walipata pumu kati ya miaka 6 na 13 kwa kiasi cha mara nne hadi mara kumi kuliko wenzao. Na wale ambao kanuni haikuwagusa, zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuwa na pumu miaka hiyo ya shule.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba dalili moja peke yake haisemi mengi. Dalili zikikusanyika ndipo zinaposema, na hata hapo hazisemi kwamba mtoto lazima ataugua, bali kwamba mtoto huyu aangaliwe kwa karibu zaidi. Tuongeze tahadhari nyingine. Kanuni ile ilitungwa kwa watoto wa Arizona, si wa Makunduchi wala wa Nungwi. Kwetu kikohozi cha muda mrefu chaweza kuwa kifua kikuu, hasa kikizidi wiki mbili na mtoto akapungua uzito. Kwa hiyo hakuna mtu wa jumuiya atakayempa mtoto jina la ugonjwa. Kazi yetu ni kuona, kuandika, na kumfikisha kwa mganga. Jina la ugonjwa litatoka kwa mganga.

5. Mviringo unaotakiwa kukatwa

Karibu zaidi na sisi, huko Paarl, si mbali na Cape Town, Afrika Kusini, kuna uchunguzi ulioanza mwaka 2012 chini ya Profesa Heather Zar. Mama zaidi ya elfu moja waliandikishwa wakiwa wajawazito, wengi wao maskini. Watoto wao walipimwa nguvu ya mapafu wakiwa na wiki sita tu, wamelala usingizi wao wa kawaida.

Kilichoonekana ni mviringo. Mtoto aliyekutwa na mapafu dhaifu katika wiki ya sita aliugua nimonia kwa wepesi zaidi, na aliyeugua nimonia mapema alibaki na mapafu dhaifu zaidi. Udhaifu ulileta ugonjwa, na ugonjwa ukaongeza udhaifu. Mwanzoni mwa mviringo huo yalikuwapo mambo tunayoyafahamu sana: tumbaku ya wazazi, moshi wa nyumbani, afya na lishe ya mama.

Ndugu zetu, mviringo huweza kukatwa mahali popote. Hukatwa mama mjamzito anapokula vema na kuhudhuria kliniki mapema. Hukatwa mtoto njiti anapobebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa huduma ya kangaroo. Hukatwa kwa maziwa ya mama peke yake katika miezi sita ya kwanza. Hukatwa kwa chanjo: ile ya vimelea vya nimonia iliingia katika ratiba ya Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2013. Na hukatwa siku baba anapozima sigara.

6. Hatari isiyongoja kikao

Yako mambo ya kuangalia kwa miezi, na yako mambo yasiyongoja hata asubuhi. Kila kiongozi wa jumuiya ayajue haya kama anavyoijua Salamu Maria.

Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, funua kifua chake, tazama kinavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika nzima kwa saa. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifikia 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili. 50 au zaidi kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na miwili. Na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano.

Tazama pia chini ya mbavu. Mtoto avutapo pumzi, sehemu hiyo ikibonyea ndani, anafanya kazi ngumu kuliko inavyostahili. Na ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, amepata degedege, anakoroma akiwa macho na ametulia, au midomo imegeuka rangi, basi ni hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo kwa kila mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye pumzi za haraka. Nauli isipatikane kwa kubisha milango usiku; jumuiya iwe nayo tayari.

7. Yale tunayoyatenda kwa nia njema

Liko jambo la kusema kwa upole lakini kwa uwazi.

Kimeo hakileti kikohozi. Ni kinyama alichokiumba Mungu nyuma ya kaakaa, na kukikata hakufungui vijia vya hewa vilivyo ndani kifuani. Kukata huleta damu, vidonda na maambukizo. Na hata pale mtoto anaposalimika, siku za kumtibu ugonjwa wenyewe zimekwisha kupotea. Bibi wanaoshauri hivyo hawana nia mbaya. Wanampenda mjukuu, na walifanyiwa hivyo wao. Basi tuwaeleze kwa heshima, tuwaite katika semina hizi, tuwape saa wahesabu pumzi. Bibi aliyefundishwa ni mlinzi kuliko mabango kumi.

Juu ya udi na ubani, hakuna atakayetuambia tuache kuwa watu wa Unguja. Harufu hiyo ni heshima ya nyumba zetu, ya Wakristo na ya Waislamu, na hata altareni tunafukiza. Lakini mzazi na mtoto katika siku zao arobaini hawahitaji chetezo chini ya kitanda. Nguo zifukizwe uani, zikipoa ndipo ziingizwe. Vivyo hivyo jiko: kama hapana budi kupikia ndani kwa sababu ya mvua, mtoto ahamishiwe chumba kingine au kwa jirani mpaka moshi uishe. Na mkaa usiachwe ukiwaka katika chumba cha watu waliolala, maana hewa yake huua watu wazima pia.

Siri ya pumu nayo ni moshi wa namna yake. Tumeona ilivyogharimu miaka mitatu. Tunawasihi wakwe na wazazi: aibu haimo katika kuugua, bali katika kumficha mganga. Katika mafundisho ya ndoa parokiani, tangu sasa, vijana waambiwe kwamba kuwa na pumu hakumzuii mtu kuoa wala kuolewa wala kulea.

Mwisho, iko hofu ya dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile wengi waiitayo inhela. Wengine husema humzoeza mtoto, au kwamba ni dawa ya mwisho kabla ya kufa. Sivyo. Dawa ya kufungua vijia na dawa ya kuzuia uvimbe wa vijia zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa ile hufika pale inapotakiwa kwa kiasi kidogo kuliko kidonge. Mtoto mdogo huihitaji kwa chombo cha kuivutia. Mwaka 1999 Profesa Zar na wenzake walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Chupa ya soda, ndugu zetu! Muuguzi aonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia; mtu asibahatishe.

8. Yale yasiyo mikononi mwa mama peke yake

Tungekosa haki tukimaliza hapo. Ni rahisi kumwambia mama aondoe moshi, lakini ni nani anayemwuzia kuni na mkaa kwa bei anayoiweza, huku gesi akiiona kwa wenzake? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hawakufa kwa sababu mama zao hawakuwapenda. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja moshi wa kupikia miongoni mwa vinavyowaumiza maskini.

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia. Mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa kisiwa hiki, alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo kwa Afrika nzima. Lengo ni jema. Wajibu wetu ni kuuliza mwaka hata mwaka: limefika Donge? Limefika Bwejuu? Mtungi wa kwanza ukiisha, wa pili mama ataujaza kwa fedha gani?

Vivyo hivyo kwa chanjo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kuwakinga watoto wachanga dhidi ya RSV, ama kwa kumchanja mama mjamzito, ama kwa kumpa mtoto kinga ya sindano. Kirusi hicho huua watoto zaidi ya laki moja kila mwaka, na karibu wote ni wa nchi zisizo tajiri. Mzigo ukiwa kwetu, dawa haifai kubaki kwa wengine. Kuuliza kwa adabu lini itawafikia mama zetu si uchochezi. Ni kazi halali ya raia na ya Tume hii.

9. Tunayowaomba

Tusirudi makwetu mikono mitupu. Tunaomba kila jumuiya ifanye mambo manne.

La kwanza, iteue mama mmoja na baba mmoja wa kuwatembelea wazazi wapya, wakishirikiana na wahudumu wa afya wa jamii wa mtaa wao, na wasimbague jirani kwa dini yake. Mtoto akikohoa upande wa pili wa ukuta, ukuta hauulizi anasali wapi.

La pili, wamsaidie mama kuandika katika daftari dogo tarehe za kila mluzi, kila homa ya kifua na kila kulazwa, na kulibeba daftari hilo pamoja na kadi ya kliniki. Kumbukumbu ya mama aliyekesha husahau, daftari halisahau.

La tatu, iweke mfuko wa nauli ya usiku, hata kama ni fedha kidogo kila Jumapili.

La nne, akina baba watangaze kwamba katika chumba alimo mtoto au mjamzito hakuna atakayevuta sigara, awe mwenyeji au mgeni, awe mwalimu, katekista au padre.

Sisi wenyewe tumejiwekea sharti. Tukiingia kuibariki nyumba na tukaliona jiko karibu na kitanda, tutasema. Tutasema kwa upole, na ikiwezekana tutalibeba jiko kwa mikono yetu kulitoa nje. Baada ya hapo ndipo tutasali. Yule mtoto wa kisa chetu alitufundisha kwamba baraka yetu ilipita juu ya moshi bila kuuondoa, na hatutaki kurudia kosa hilo.

Mungu aliyempulizia mwanadamu pumzi ya uhai awajalie watoto wa Unguja na Pemba kuivuta kwa raha, nasi atujalie masikio ya kuwasikia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika nyumba zetu, mtoto mchanga hulala umbali gani kutoka mahali pa moshi? Nini chaweza kubadilishwa wiki hii bila gharama?

2. Je, katika mtaa wetu wako watoto wanaopelekwa kukatwa kimeo? Nani anaheshimiwa na bibi wa mtaa, awezaye kuzungumza nao?

3. Kwa nini familia huficha pumu? Sisi wenyewe tumewahi kuificha?

4. Mtoto akishindwa kupumua saa nane ya usiku, tutampeleka wapi, kwa chombo gani, na kwa fedha ya nani?

5. Ni swali gani moja ambalo jumuiya yetu itampelekea diwani, sheha au mwakilishi juu ya nishati, dawa au chanjo?